Vitabu nimelipia kwa hela yangu, nimerudi Dodoma, duka limenifungia nje

Wakuu, habari za humu.

Nina hasira na sitaificha. Nimekaa Uholanzi miaka kadhaa, mji wa Enschede. Nilikwenda kusomea ramani na upimaji ardhi, nikaongeza na kazi kidogo, kisha nikarudi nyumbani. Sasa hivi nakaa Ipagala, kazi yangu iko Mtumba. Nilirudi na kishikwambi cha kusomea vitabu. Sisemi vile walivyopewa makarani wa sensa, nasema vile vyenye kioo kinachofanana na karatasi, ambavyo kazi yake ni kusoma tu. Ndani yake kulikuwa na vitabu vyote nilivyonunua nikiwa huko, kwenye duka la mtandaoni la kifaa hicho. Kila kimoja nimekilipia, cha wizi hakuna. Leo kifaa kiko mezani, kizima, chaji imejaa, na siwezi kufungua hata ukurasa mmoja kwa sababu nimehama nchi.

Kwa ambao hawajawahi kuvitumia, naomba mnielewe kwa nini mtu mwenye akili timamu anaweka maktaba yake yote humo. Mwanafunzi anayerudi kutoka Ulaya anahesabiwa mizigo kwa kilo. Begi la kilo 23, ukizidisha unalipa, na vitabu vina uzito kuliko nguo. Nimewaona wenzangu wakigawa vitabu vya miaka yao yote ya masomo usiku wa kuamkia safari, mtu anatokwa na machozi. Mimi tangu mwanzo nikaamua kununua vya kielektroniki, kila kimoja euro kumi na kitu, bei ambayo mara nyingi haipishani sana na ya kitabu cha karatasi.

Na kwa mazingira ya Dodoma hakuna kifaa kinachofaa zaidi. Kioo chake hakishindani na jua. Kuna chembe nyeusi na nyeupe zinazopangwa kwa umeme, zikishajipanga zinabaki pale bila kula chaji mpaka ufungue ukurasa mwingine. Ndiyo maana unachaji leo unasoma wiki kadhaa, umeme ukikatika wala hushtuki. Lile jua la saa saba mchana pale Nyerere Square, ambalo simu huwezi kuiona hata uiweke chini ya shati, kwenye kifaa hiki ndiyo kwanza maandishi yanakoza. Nakipenda kifaa hiki. Ndiyo maana nimeumia hivi.

Sasa kilichotokea. Kiliganda. Maelekezo ya duka lenyewe yanasema kikiganda shikilia kitufe, kikikataa kirudishe kilivyotoka kiwandani, vitabu vyako utavishusha tena kutoka kwenye akaunti. Nikafuata. Kikawaka vizuri, kikaniomba niingie kwenye akaunti. Barua pepe sahihi, nenosiri sahihi. Kisha ukaja ujumbe: tumetuma namba ya uthibitisho kwenye simu yako. Simu ipi? Ile yenye laini ya Uholanzi.

Laini ile haipo. Ilikuwa ya kulipia kabla, nimeondoka, haijawekwa salio, imekufa. Hata hapa kwetu laini isipotumika muda mrefu kampuni inaifunga na namba inaweza kupewa mtu mwingine. Kwa hiyo kila nikibonyeza "tuma tena", namba ya kufungulia vitabu vyangu inaelekea kwenye simu ambayo pengine ni ya mtu nisiyemjua kule Enschede, ilhali mimi mwenye mali nakodolea kioo macho Ipagala.

Nikawafuata huduma kwa wateja kwa njia ya kuchati, nikitumia bando langu. Nataka kubadilisha namba ya simu. Wakasema sawa, ili kubadilisha namba tunatuma kwanza uthibitisho kwenye namba ya zamani. Nikaeleza tena, taratibu kabisa, kwamba namba ya zamani ndiyo tatizo lenyewe. Wakapokezana, kila anayekuja anaanza upya: pole sana kwa usumbufu, naomba jina lako kamili. Mmoja akaniambia nithibitishe kwa kadi ya benki niliyonunulia vitabu. Ile benki ilinifungia akaunti baada ya kujiondoa kwenye usajili wa makazi wa manispaa, jambo ambalo sheria ya Uholanzi inakutaka ulifanye unapohama. Yaani nimefuata sheria ya nchi yao, na kufuata sheria ndiko kulikonipokonya ushahidi kwamba mimi ni mimi.

Halafu wakaniomba uthibitisho wa makazi. Hapa ndipo niliposhindwa kujizuia. Wanataka bili ya umeme au ya maji, isiyozidi miezi mitatu, yenye jina langu, mtaa, namba ya nyumba na postikodi. Wakuu, nani kati yetu mpangaji ana bili ya umeme yenye jina lake? Tunatumia LUKU. Unanunua umeme kwenye simu, zinakuja tarakimu ishirini, unaziingiza kwenye mita, basi. Mita yenyewe imesajiliwa kwa jina la baba mwenye nyumba. Nikawatumia ujumbe wa manunuzi ya LUKU, wakaukataa. Nikawatumia mkataba wa pango uliogongwa muhuri wa mtaa, wakaukataa kwa sababu uko kwa Kiswahili.

Na anwani ninayo! Kazi yangu ni hiyo hiyo ya ardhi, siwezi kukaa kimya kwenye hili. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, nchi nzima iliendesha operesheni ya anwani za makazi. Vijana walizunguka nyumba kwa nyumba, mitaa ikapewa majina, milango ikapewa namba, vibao vikapigiliwa. Nyumba ninayokaa ina kibao chake getini. Mtaa una jina. Kata ina postikodi inayoanza na 41 kama kata zote za mkoa wa Dodoma. Fomu yao inanirudishia maandishi mekundu: anwani haitambuliki. Watu wametembea juani kutupatia anwani, na mtu aliyekaa mbele ya kompyuta ambaye hajui hata Dodoma iko wapi anasema haitambuliki.

Mwisho wa yote nikapewa jibu, na jibu lenyewe ni hili: Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zinazohudumiwa na duka lenye akaunti yangu, kwa hiyo wananishauri nifungue akaunti mpya kwenye duka lao la kimataifa. Akaunti mpya ni tupu! Vitabu vyangu vinabaki kwenye ile ya zamani. Nikauliza, kwa hiyo nivinunue tena? Mtu yule akajibu kwamba bei zinaweza kutofautiana kulingana na nchi.

Nilifungua hiyo akaunti ili nione tu. Nikatafuta riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, mshindi wa Nobeli ya Fasihi ya 2021, ambayo nilishaisoma kwenye kifaa hiki hiki nikiwa Enschede. Jibu: kitabu hiki hakiuzwi katika nchi yako. Katika nchi YANGU. Kitabu cha karatasi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya yake moja, kilichapwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota mwaka 2022, na ukiagiza kinapanda basi kinakufikia Dodoma bila mtu kukuuliza bili ya umeme.

Nimejaribu kuelewa hili linatoka wapi, na kwa waliosoma biashara ya vitabu mtanisahihisha. Mwandishi au wakala wake anauza haki za kitabu kwa maeneo. Mchapishaji wa London ananunua haki za Uingereza na nchi za Jumuiya ya Madola, wa New York ananunua za Marekani na Kanada, na nchi nyingine hugawanywa kwa makubaliano. Tanzania tumo Jumuiya ya Madola tangu 1961, kwa hiyo mara nyingi tunaangukia upande wa London. Sasa duka la kimataifa linapotuweka kwenye rafu ya Marekani, mchapishaji wa Marekani hana haki ya kutuuzia, na yule wa London kitabu chake hakipo kwenye rafu hiyo. Hakuna aliyekaa akaamua Mtanzania asisome. Ila hakuna aliyejali kama atasoma au hatasoma, na kwangu mimi matokeo ni yale yale. Hela ninayo, kadi ya kulipia kwenye simu ninayo, hamu ninayo, na muuzaji hataki hela yangu.

Vya kuazima ndiyo nilishavisamehe. Maktaba ya kule ilikuwa inakupa kitabu wiki tatu, muda ukiisha kinajifunga chenyewe, uanachama nao umekwisha nilipoondoka. Hilo ni haki yao, kile cha kuazima kilikuwa chao. Nagombea vya kwangu.

Msinijibu kwamba nilinunua leseni, yaani ruhusa ya kusoma tu, na si kitabu. Najua, nimeshasomewa masharti hayo kwenye chati. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Desemba 2019, kwenye kesi iliyotoka huko huko Uholanzi, kwamba kitabu cha kielektroniki huwezi kukiuza kwa mkono wa pili kama cha karatasi bila ruhusa ya mwenye haki. California nao wana sheria iliyoanza Januari 2025 inayomtaka muuzaji amweleze mteja wazi kwamba anachopata ni leseni. Na mwaka 2019 Microsoft walipofunga duka lao la vitabu, vitabu vya wateja viliacha kufunguka, ingawa wao angalau walirudisha hela. Haya yote nayajua. Ninachouliza ni kwa nini leseni ya bei ya kitabu iondoke na laini ya simu. Mkataba niliingia mimi, si namba ya Enschede.

Tena inawezekana kufanya vizuri. Ndani ya Umoja wa Ulaya kuna kanuni tangu Aprili 2018: ukiwa na huduma ya kidijitali uliyolipia, vitabu vikiwemo, ukisafiri kwa muda kwenda nchi nyingine ya Umoja huo huduma inakufuata. Mholanzi akienda Ureno anaendelea na sura aliyoachia. Mipaka waliiona, wakakaa, wakaandika kanuni. Jumuiya ya Afrika Mashariki tuna soko la pamoja tangu 2010. Je, kuna mtu ameshawahi kuliweka jambo hili mezani Arusha?

Na nyumbani hapa msiniambie serikali haiwezi kuyagusa makampuni ya nje. Imeshayagusa. Julai 2022 makampuni ya nje yanayouza huduma za kidijitali kwa Watanzania yalianza kutakiwa kulipa kodi ya asilimia 2 ya mauzo, mbali na VAT. Sipingi, walipe. Lakini kama mkono wa kodi unafika mpaka Amsterdam na California, mkono wa kumtetea mteja nao ufike. Tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ina sehemu ya kumlinda mlaji. Bunge liko hapa hapa mjini. Mheshimiwa yeyote anayepita humu, swali moja tu la nyongeza: muuzaji anayechukua hela ya Mtanzania, je, analazimika kuitambua anwani ya makazi iliyotolewa na serikali ya Tanzania na namba ya simu iliyosajiliwa kwa alama za vidole? Mimi nimesajili laini yangu kwa NIDA na vidole vyangu. Hakuna utambulisho mgumu kuliko huo, na kwao hauna thamani.

Mafundi simu wa mjini nilishawapelekea. Kijana mmoja mwema sana alikiangalia, akasema dada, hiki hakina ubovu, hiki kimefungwa huko kwao. Hakunitoza hata shilingi.

NYONGEZA:

Nashukuru waliojibu. Aliyesema nitafute vitabu vya wizi mtandaoni, hapana. Waandishi wale nimewalipa na nitaendelea kuwalipa, siwezi kugeuzwa mwizi ili nisome nilichonunua.

Aliyeuliza kuhusu kitambulisho: pasipoti wameikubali kama utambulisho, wamekwama kwenye makazi. Nimewapelekea barua ya mtendaji wa mtaa iliyotafsiriwa kwa Kiingereza na kugongwa muhuri wa wakili. Wamesema wataipitia.

Mdogo wangu uliyeko Ujerumani unayerudi mwezi wa sita, wewe ndiye uliyeniuliza la maana kuliko wote. Usingoje. Leo hii, laini ikiwa bado hai, ingia kwenye akaunti, weka namba yako ya Tanzania au ile programu ya uthibitisho isiyotegemea laini, badilisha na barua pepe kama ni ya chuo maana chuo kitaifunga. Duka likikuruhusu kushusha vitabu kwenye kompyuta, vishushe vyote kabla hujafunga begi. Nunua na vile ulivyokuwa unavisubiri, maana ukishatua Julius Nyerere huenda visiuzwe kwako. Na bili ya mwisho ya umeme ya huko usiitupe, hata kama unadaiwa.