Drogheda, Athlone au Limerick: nyumba ya kwanza tununue wapi?

Mama Zuhura
Hamjambo wenzangu wa Ireland. Tumepanga Dublin mwaka wa tano huu, na kila nikilipa kodi naona kama nateka maji kwa pakacha. Mimi ni nesi, zamu zenye urefu wa saa kumi na mbili, mchana au usiku. Mume wangu yuko ghalani karibu na uwanja wa ndege. Watoto wawili, mkubwa anaanza shule Septemba. Mapato yetu kwa pamoja kabla ya makato ni yuro 86,000 kwa mwaka. Kwa kanuni ya Benki Kuu, mnunuzi wa mara ya kwanza hukopeshwa hadi mara nne ya mapato, kwa hiyo kikomo chetu ni 344,000, na asilimia 10 ya bei tuitoe sisi. Akiba yetu ni 27,000.

Tumebakiwa na chaguo tatu: nyumba mpya Drogheda, kaskazini ya Dublin, kwa 380,000, nyumba ya zamani yenye uwanja mpana nje ya Athlone, katikati ya nchi, kwa 255,000, au tuhamie Limerick, magharibi huko, moja kwa moja. Baba Zuhura anaipenda ya Athlone kwa bei yake. Mimi roho inasita. Mnaoishi huko, nielezeni.

Nyota ya Boyne
Dada, mimi niko Drogheda mwaka wa sita. Kwa kazi ya mumeo hapa ndipo: basi namba 101 linatoka mjini linapita uwanja wa ndege likielekea Dublin. Na wewe ukichoka na safari, hospitali kubwa ya Our Lady of Lourdes iko papa hapa mjini, unaweza kuomba nafasi.

Kuhusu hela, msikate tamaa. Nyumba ikiwa mpya na bei haizidi 500,000, kuna mpango wa Help to Buy. Serikali inawarudishia kodi ya mapato mliyolipa miaka minne iliyopita, isizidi asilimia 10 ya bei wala yuro 30,000. PRSI (mchango wa bima ya jamii) na USC (tozo nyingine ya mshahara) hazihesabiwi, kwa hiyo pigeni hesabu kwa kodi ya mapato peke yake. Kwa nyumba ya 380,000 mnatakiwa kutoa 38,000. Mkipata 30,000 zote, mnaongeza 8,000, na akiba inayobaki inalipa wakili, ushuru wa stempu wa asilimia 1, na vitanda. Mtatakiwa kuishi humo miaka mitano, la sivyo mnadaiwa.

Nyumba za huku zilizojengwa kati ya 1997 na 2013 ni habari nyingine. Upande wa kaskazini wa Dublin na kaunti ya Meath hapa jirani kuna mitaa iliyojazwa kifusi chenye pairaiti, madini yanayovimba, chini ya sakafu. Ikivimba, sakafu inapanda na kuta zinapasuka. Usinunue bila kuona cheti cha kifusi.

Salim wa Naas
Kabla hamjafika mbali: kuna nyumba yoyote mliyonunua au kujenga nyumbani? Sisi tulijenga Kitengela mwaka 2016, vyumba vitatu, wazazi wanakaa humo. Tulipojaza fomu ya Help to Buy tukaambiwa aliyewahi kununua au kujenga nyumba si mnunuzi wa mara ya kwanza, na haijalishi imejengwa nchi gani. Kwa wanandoa wanaonunua pamoja, mmoja akikosa sifa wote wawili wanakosa. Yuro 30,000 zikaenda hivyo. Siijutii nyumba ya wazazi hata kidogo, ila ningejua mapema ningepanga mambo kwa utaratibu mwingine. Kwetu sisi watu wa Afrika Mashariki hili linauma, maana kujenga nyumbani ndilo jambo la kwanza mtu anafanya akipata kazi.

Mzee wa Athlone
Mwanangu, mimi nimenunua nyumba ya aina hiyohiyo unayoisema. Ya mwaka 1974, daraja lake la nishati ni F, na madaraja yanaanzia A1 iliyo bora mpaka G, kwa hiyo unajua mwenyewe. Tulikwenda kuitazama mwezi wa Juni, jua linawaka, mama watoto akaipenda. Novemba nikavuta kabati la chumba cha watoto: ukungu mweusi kutoka sakafuni hadi kifuani kwangu, na koti la shule la binti limeshika harufu. Tangi la mafuta ya taa ya kupashia nyumba joto, uani, lilikuwa linakwisha kabla hatujajua limekwisha.

Sisemi usije. Mji ni mtulivu, mto Shannon unapita katikati, na watu watakusalimia. Lakini hospitali kubwa iliyo karibu iko Ballinasloe, na kule nje ya mji mtahitaji magari mawili. Kama nyumba imekaa tupu miaka miwili au zaidi, ulizeni halmashauri ya kaunti kuhusu ruzuku ya ukarabati: hadi 50,000, na hadi 70,000 kama ni gofu la nyumba. Mimi nililipwa baada ya kazi kuisha, kwa hiyo fundi nilimlipa kwanza kwa mkopo.

Maman Furaha
Mimi ni wa Bukavu, nakaa Limerick. Kazi ipo, chuo kikuu kipo, watoto wanakwenda shule kwa miguu. Kwa nesi ni sawa. Kwa mumeo itabidi atafute kazi upya, kwa sababu kutoka hapa hadi uwanja wa ndege wa Dublin kila siku hakuwezekani. Mukinunua ya zamani, muite mkaguzi aangalie matofali. Limerick na Clare zimo katika kaunti ambazo matofali mabovu yamegunduliwa.

Tena, bei ya tangazo ni mwanzo tu. Sisi tulitoa dau, dalali akapiga simu siku tisa mfululizo, yuro 2,000, yuro 3,000, hadi ikapita bei ya tangazo kwa 41,000. Tukakubaliwa, halafu muuzaji akachukua mwingine. Sheria inamuruhusu mpaka mikataba isainiwe. Pesa ya kushikia nyumba tulirudishiwa.

Mama Zuhura
Mmenisaidia sana. Salim, nimeshtuka. Tuna kiwanja kitupu Kibaha, na tulipanga kuchimba msingi Desemba. Tumempigia shemeji simu usiku wa jana, asubiri kwanza. Nimeiandikia pia mamlaka ya kodi hapa nipate jibu kwa maandishi.

Mzee, Baba Zuhura amesoma habari ya lile kabati mara mbili, akaniambia tuiache ya Athlone.

Jumapili natoka zamu saa mbili usiku. Sitarudi nyumbani; nitakwenda moja kwa moja stesheni ya Connolly na sare yangu, nipande treni ya Drogheda, nione mlango wa ile nyumba ningeugusa saa ngapi.