Albamu za kumuenzi Ronnie James Dio: This Is Your Life, ya Jorn ama Holy Dio?

KijanaWaArua: Wakubwa wa metali habari zenu. Bando yangu inatosha albamu moja tu wikendi hii na nataka ya kumuenzi Dio, yule marehemu mwimbaji wa metali. Nimebaki na tatu, Holy Dio ya 1999, Dio ya Jorn Lande ya 2010, na This Is Your Life ya 2014. Dio mwenyewe namjua toka bendi ya Rainbow mpaka Black Sabbath, nataka tu kujua ipi mtu anairudia.

DramuZaJinja: This Is Your Life, hata usiulize. Metallica peke yao wameunganisha nyimbo za Rainbow kama dakika tisa hivi, Stargazer imo, Kill the King imo, na mwimbaji wao Hetfield hajilazimishi kuimba kama Dio, anaimba kama Hetfield ndo maana inakubali. Halafu Tenacious D ambao watu wanawaona wachekeshaji tu, The Last in Line yao ndo ilibeba Grammy ya metali 2015!! Na mauzo yanachangia mfuko wa saratani wenye jina la Dio, si unajua saratani ya tumbo ndo ilimchukua Mei 2010. Sasa nyie wa kushusha bure mfuko haupati kitu, nimesema tu

MamaBesi_Mbale: Pole pole ssebo. Hiyo ni pilau ya wapishi wengi. Ule wimbo wa Dio, Holy Diver, wa bendi ya Killswitch Engage ulishatoka zamani Dio akiwa hai, wameuchomeka tu. Mi namtetea Jorn, sauti moja mwanzo mwisho, na huyo Mnorwe hakukimbilia zile ambazo kila bendi inapiga, kachukua Push, Night People, Lord of the Last Day, vitu ambavyo hata mashabiki wanaviruka

KijanaWaArua: Lakini mama kama Jorn anafanana naye hivyo si bora nimsikilize Dio mwenyewe?

MamaBesi_Mbale: Kwenye Don't Talk to Strangers sawa, hapo sikupingi. Ila Push ya kwake gita ni nzito na imepigwa kisasa, sikiliza kwanza ndo uje tugombane.

PembeMbili: Naingia pembeni kidogo banange, jirani yangu mlokole akiona ile alama ya Dio ya vidole viwili kama pembe anaanza kukemea mapepo. Dio alisema aliitoa kwa bibi yake Mwitaliano, ya kukinga jicho baya, yaani kama hirizi tu

MzeeWaKaseti: Mnaisahau Holy Dio kwa sababu ni ya zamani. Hiyo walimpa heshima akiwa bado anapumua, miaka 11 kabla hajafa. Blind Guardian wamepiga Don't Talk to Strangers, Jorn asogee kando. Doro kaimba Egypt humo na 2014 akaiimba tena. Ubaya wake bendi nyingi ni pawa metali ya Ulaya, ile ya kasi na sauti za juu, ukisikiliza mfululizo masikio yanachoka, hilo nakubali.

DramuZaJinja: Mzee hapo umenigusa. Ila ya 2014 inafungwa na Dio mwenyewe, anaimba na piano, hiyo Jorn hana.

PembeMbili: Sasa Vale of Amonition wetu wa Kampala wanaopiga doom, metali ya mwendo wa pole, wangepewa wimbo mmoja wa Dio mngewapa upi? Mi nawapa The Sign of the Southern Cross, tena waipunguze mwendo zaidi

MamaBesi_Mbale: Ukiipunguza hiyo tutalala nnyabo, wape Shame on the Night