Natoka gazetini kwenda redioni: habari ya kusikika iandikweje?

Mleta mada:
Wanajukwaa, nawasalimu. Nimeandikia gazeti kwa miaka sita, na tangu mwezi uliopita nafanya kazi katika redio ya jamii wilayani Tandahimba. Habari yangu ya kwanza ilihusu mnada wa korosho: niliweka bei ya juu, bei ya chini, tani zilizouzwa na makato yote. Baada ya taarifa ya habari, wakulima watatu walipiga simu kuuliza bei ilikuwa shilingi ngapi, ilhali bei ndiyo niliyoanza nayo. Imeniuma, kwa kuwa hao ndio niliowaandikia. Nikosoeni.

Mchangiaji wa kwanza:
Pole, ndugu. Nimehariri habari za redio kwa muda mrefu, na kosa hilo nalifahamu. Msomaji wa gazeti akipotea hurudisha macho juu, lakini msikilizaji hana pa kurudi, naye huenda wakati ule anabangua korosho au anaendesha bodaboda. Chagua takwimu moja, ile ya fedha atakayoipata mkulima baada ya makato, uitaje mwanzoni na uirudie mwishoni. Acha pia mtindo wa gazeti wa kumtaja msemaji mwishoni mwa sentensi. Ukisoma "Bei itapanda wiki ijayo, amesema mwenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika", aliyetoka nje kabla ya neno "amesema" ataondoka na ahadi hiyo akidhani ni ya redio yenyewe, maana alama za kunukuu hazisikiki. Mtangulize mwenyekiti.

Mchangiaji wa pili:
Kwangu kubwa zaidi ni sauti. Nenda ghalani na kinasa sauti, umuulize mkulima kama ameridhika. Akinyamaza kidogo kabla ya kujibu "ndiyo", usiukate ukimya huo unapohariri. Gazeti lingechapa "ndiyo" tupu, na msomaji asingejua kwamba alisita.

Mchangiaji wa tatu:
Nakubali, ila mambo ya hesabu yanahitaji msaada wa maandishi. Kampeni ya elimu ya afya ya mwaka 1973, iliyoitwa Mtu ni Afya, iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2 nchini Tanzania, nao walisikiliza redio katika vikundi, wakiwa na kiongozi na kijitabu, kisha wakajadiliana. Omba chama cha msingi kibandike bei ubaoni, nawe uwaelekeze wasikilizaji huko. Na ukikosea, sahihisha katika taarifa ya saa ileile, kwa kuwa wanaosikiliza asubuhi si lazima wawe wale wa usiku.

Mleta mada:
Nawashukuru sana, naiandika upya leo. Nina mkulima anayelalamikia mizani, lakini anaogopa kutambuliwa. Je, nikificha jina lake inatosha?

Mchangiaji wa kwanza:
Gazetini huenda ingetosha. Redioni haitoshi, kwa sababu kijijini kwake watamjua kwa sauti kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Maneno yake yasomwe na mtu mwingine, na uwaambie wasikilizaji waziwazi kwamba sauti hiyo si yake.