Filoksera hujificha wapi wakati wa baridi?

Swali
Ndugu zangu, nasimamia sehemu ya shamba la mizabibu huko California, na katika kiraka kimoja mizabibu imedumaa na majani yake yamekuwa ya manjano kabla ya wakati. Ninashuku filoksera, mdudu mdogo anayefyonza mizizi ya mizabibu, ila Januari tulichimbua mizizi ya mzabibu uliokufa tusione mdudu hata mmoja. Je, mdudu huyu hutoweka wakati wa baridi?

Jibu la kwanza
Hatoweki. Huvuka baridi akiwa tunutu (mdudu mchanga) wa hatua ya kwanza, mdogo mno na wa rangi ya kahawia, ametulia juu ya mzizi bila kula wala kukua. Udongo unapofikia joto la nyuzi 16 hivi za Selsiasi huanza kufyonza, hujivua ngozi mara nne, kisha huwa jike anayetaga mayai bila kuhitaji dume. Kwa kuwa vizazi hufuatana kiangazi chote, idadi yao huwa kubwa zaidi kiangazi kinapokaribia kwisha, na hapo ndipo ningechimba. Tafuteni vijizizi ambavyo ncha zake zimevimba na kupinda kama ndoana, vikiwa na wadudu wa manjano wenye mayai kando yao.

Jibu la pili
Msichimbe tena chini ya mzabibu uliokufa. Filoksera hula mzizi ulio hai, na mzizi ukioza huuhama. Kwa hiyo chunguzeni mizabibu ya ukingoni mwa kiraka, ile iliyoanza tu kudhoofika. Hata Ufaransa, mwaka 1868, mtaalamu wa mimea Planchon na wenzake walimkuta mdudu huyu kwenye mizizi ya mizabibu iliyokuwa bado hai.

Jibu la tatu
Vitabu vingi huonyesha pia yai la baridi lililofichwa kwenye gome na uvimbe kwenye majani, lakini mzunguko huo mrefu ni wa mizabibu yenye asili ya Marekani. Kwenye mizabibu ya Ulaya iliyoko California, mdudu kwa kawaida huishi mizizini mwaka mzima. Safisheni udongo kwenye viatu na mashine kabla ya kutoka katika kiraka hicho. Tena, mizabibu yenu imebebeshwa (imeunganishwa) juu ya shina gani la mizizi? Ikiwa ni AXR1, aina ya shina la mizizi ambalo lilishindwa na filoksera huko Napa na Sonoma, California, katika miaka ya 1980, anzeni kupanga kupanda upya.