Saa zangu za usimamizi nizimalizie jimbo gani: Texas, California, New York au Minnesota?

Chausiku_Lushoto
Habari zenu wakuu. Namaliza shahada ya uzamili ya ushauri nasaha hapa Ohio mwezi wa Mei, Mungu akipenda. Programu yetu ni ya krediti 60, ina ithibati ya CACREP (shirika linalokagua programu za ushauri), na mafunzo ya vitendo nimeshayakamilisha: saa 100 za mwanzo na 600 za awamu ya pili. Bodi ya leseni ya hapa imenisajili kama mwanagenzi tangu nianze kuona wateja.

Sasa nataka kuhama. Dada yangu yuko Minneapolis, binamu yuko Houston, na rafiki wa chuoni ananivuta California kwa maneno matamu. New York nimeiweka kwa sababu ya ndoto tu. Kila nikisoma kuhusu saa za kazi chini ya msimamizi kabla ya leseni kamili, naona 3,000, 3,000, 3,000. Tofauti iko wapi? Waliopita njia hiyo naomba mnijuze.

Mzee_wa_Alief
Karibu Texas, dada. Mimi ni LPC Associate, yaani mshauri mwenye leseni ya awali anayefanya kazi chini ya msimamizi, nimebakiza miezi minne.

Huku unafanya mtihani KWANZA. NCE au NCMHCE, mitihani ya kitaifa ya ushauri, wowote kati ya hiyo miwili, pamoja na ule mdogo wa sheria za jimbo, ndipo wanakupa leseni ya Associate. Ukishaipata unahesabu saa 3,000, kati yake 1,500 ni za kukaa na mteja, kwa muda usiopungua miezi 18. Msimamizi lazima awe na ile S mwishoni, LPC-S, yaani mshauri aliyeidhinishwa kusimamia, na mnakutana kwa jumla ya saa nne kila mwezi.

Jambo ambalo halisemwi sana: kituo chako kisipokuwa na LPC-S, unajitafutia na kumlipa mwenyewe. Mimi namlipa wangu kila mwezi kutoka mfukoni. Na kwenye kadi yako ya biashara huruhusiwi kujifanya umeshafika, cheo cha Associate lazima kionekane. Yangu ina jina la msimamizi chini ya langu. Mama mkwe aliiona akauliza, "Huyu ndiye bosi wako?" Nikasema ndiyo, yaishe.

Nyota_ya_Oakland
Mimi ndiye sauti ya majuto kutoka California, sogezeni viti.

Huku leseni kamili ya mshauri ni LPCC na wakati wa kuhesabu saa unaitwa APCC. Saa 3,000, za ushauri wa moja kwa moja 1,750, na hazimaliziki chini ya wiki 104 hata ufanye kazi usiku na mchana. Saa za chuoni hazihesabiwi hata moja. Wenzetu wa ndoa na familia, wale wa MFT, wanaruhusiwa kuingia na saa za uanafunzi hadi 1,300. Sisi tunaanza na sifuri. Dada, hilo rafiki yako amekwambia?

Ipo sheria ya siku 90. Ombi lako la usajili likifika bodi ndani ya siku 90 tangu upewe shahada, saa unazofanya ukisubiri namba zinaweza kuhesabiwa. Lakini kuna mtego: mwajiri lazima awe amekutaka uchukuliwe alama za vidole kabla hujaanza kukusanya saa hizo, na uwe na ushahidi. Pale nilipoanzia walisema, "Anza tu, alama tutafanya wiki ijayo." Wiki ijayo ikawa wiki ya saba. Wiki zote saba zikafutwa. Nililia kwenye gari, sifichi.

La pili, lazima uwe mwajiriwa wa W-2 (fomu ya kodi ya mwajiriwa rasmi) au mtu wa kujitolea. Mtu akikwambia atakulipa kwa 1099 kama mkandarasi, kimbia, saa hizo ni bure. La tatu, saa zenye umri wa zaidi ya miaka sita zinaoza.

Kapteni_Bronx
New York kifupi: leseni ya mshauri wa afya ya akili ni LMHC, saa 3,000, za mteja 1,500, mtihani ni NCMHCE peke yake. Ukiwa unakusanya saa unafanya kazi kwa kibali cha muda cha miaka miwili, nacho kimefungamanishwa na kituo na msimamizi wako. Ukihama kazi, unaanza makaratasi upya. Tangu Juni 2024 kuna ruhusa ya ziada ya kutambua maradhi, bila hiyo unamshauri mgonjwa ila jina la ugonjwa huandiki wewe. Chunguza kama masomo yako yana krediti za kitabibu zinazotakiwa.

Kodi ya nyumba sitaitaja. Ndoto ni zako.

BintiKisii_MN
Chausiku, njoo Minnesota, ila usije ukidhani ni 3,000. Huku ni ngazi mbili. LPC ndiyo ya kwanza: unahitaji shahada, saa 700 za vitendo (tayari unazo), mtihani, na mpango wa usimamizi ulioandikwa. Lakini LPC ni mlango wa sebuleni tu. Unachotaka ni LPCC, na hiyo ni saa 4,000 baada ya shahada, kati yake 1,800 za mteja.

Watu wakisikia 4,000 wanakimbilia Texas. Hebu piga hesabu. Saa 4,000 kwa wiki za saa 40 ni wiki 100. Saa 1,800 za mteja kwa wiki 100 ni saa 18 kwa wiki. Texas ukitaka kumaliza kwa miezi 18, yaani kama wiki 78, saa 1,500 ni zaidi ya 19 kwa wiki. California ni kama 17. Kwa hiyo 3,000 au 4,000 hazikucheleweshi, zinazochelewesha ni saa za mteja, na mteja haji! Januari huku theluji ikianguka, kwa wateja sita wa siku nimewahi kuona wawili. Msimamizi anapoandika kwenye karatasi ya wiki anaandika 9, si 18.

Mzee_wa_Alief
Binti kasema kweli. Mimi nilipangiwa miezi 18, sasa niko wa 26.

Dk_wa_Mitaani
Nisaidieni, huku Nairobi tuna Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014. Nikiwa Mmarekani wa Texas kwa leseni, naweza kumshauri mtu aliye Mombasa kwa video?

Nyota_ya_Oakland
Kanuni ya jumla ya kazi yetu: inaangaliwa mteja ameketi wapi, siyo wewe. Yule wa Mombasa yuko chini ya sheria ya Kenya. Fungua uzi wako, mkuu, hapa tunamhudumia Chausiku.

Chausiku_Lushoto
Asanteni jamani. Nyota, pole sana kwa zile wiki saba. Nimesahau kusema kitu ambacho labda ni muhimu: niko kwa visa ya F-1, ile ya mwanafunzi wa kigeni.

Kapteni_Bronx
"Labda ni muhimu." Dada!

Sindimba_Columbus
Nilikuwa nasoma kimya, sasa naingia. Wekeni kando ulinganisho wote, tuanze upya.

OPT, ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo kwa mwenye F-1, ni miezi 12. Ile nyongeza ya miezi 24 ni ya masomo ya sayansi na hesabu, shahada ya ushauri haimo. Texas, kwa uchache kabisa, ni miezi 18. California wiki 104. Minnesota wiki 100 kama hakuna theluji. Hakuna jimbo hapo juu linaloingia ndani ya miezi 12. Kwa hiyo usiulize jimbo gani lina saa chache, uliza nani atakuombea H-1B, visa ya kazi inayoombwa na mwajiri, kabla OPT haijaisha. Vyuo vikuu na mashirika yasiyo ya faida yaliyofungamana navyo hayapiti kwenye bahati nasibu ya H-1B. Kliniki binafsi ya watu watatu inapita.

Tena, ukiwa OPT una siku 90 tu za kukaa bila kazi. Texas usipokuwa na leseni ya Associate huanzi, na leseni haitoki kabla ya mtihani. Ukifanya mtihani Juni, bodi ikachukua muda wake, siku zako zinaliwa huku umekaa kwa binamu unaangalia televisheni.

Mimi nilibaki Ohio kwa sababu hiyo hiyo. Nilichukua LPC ya hapa, nikaajiriwa na shirika linalohudumia wakimbizi, wengi Wakongomani. Kiswahili changu cha Tanga walikicheka mwezi wa kwanza, sasa wananiita "mama". Huwezi kuamini uzito wa kumsikia mtu akisema "moyo wangu umechoka" bila mkalimani katikati.

BintiKisii_MN
Naongeza: ule mkataba wa majimbo, Counseling Compact, usikudanganye kwa sasa. Unahudumia wenye leseni kamili za kujitegemea. Associate na LPC ya usimamizi hamumo, na California na New York hazijajiunga. Ukishafika LPCC tutaongea.

Nyota_ya_Oakland
Na Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, vilevile. Tangu Januari 2024 inalipa washauri wenye leseni kamili, wanagenzi bado. Ndiyo maana waajiri wengine wanasitasita kutuchukua.

Chausiku_Lushoto
Nimeongea na dada usiku mzima. California nimeifuta, New York nimeisamehe. Nimeomba kazi mbili, moja kliniki iliyofungamana na chuo kikuu Minneapolis, nyingine hapa hapa Columbus. Swali la mwisho: mtihani niufanye kabla ya kuhitimu au nisubiri nijue nakwenda wapi?

Sindimba_Columbus
Ufanye sasa. Mwanafunzi wa programu yenye CACREP anaweza kukaa NCE kabla ya kuhitimu, kupitia chuo. Matokeo ni ya taifa, unayatuma bodi yoyote inayoyataka. Ukiishia Minnesota, NCMHCE itakungoja kwenye LPCC, lakini hiyo ni ya baadaye, ukiwa umeshaona wateja wa kutosha. Na kwenye usaili waulize mambo mawili kabla ya mshahara: nani atasaini saa zangu, na mtu wa mwisho mliyemwajiri kwa OPT yuko wapi leo.