Dume wa kitatange anamchapa jike mchana kutwa, mkia umeshachanika. Nifanyeje?

Chumvi35
Wakuu, habari za jioni. Nimekwama.

Nina tangi la maji chumvi la lita 450, lina mwaka na nusu. Humo nilikuwa na jike mmoja wa samaki kitatange, Genicanthus caudovittatus, hawa wanaopenda kuogelea maji wazi badala ya kushinda mawemawe. Kakaa peke yake miezi saba, mpole, hana neno na mtu. Siku kumi zilizopita nikamletea dume. Kuwatofautisha hawa hakuna shida: dume ana milia ya wima mwili mzima, jike ni kijivu cha kuelekea waridi, mkia una kingo nyeusi juu na chini.

Siku mbili za kwanza raha tupu. Ya tatu vurugu. Dume anamjia ubavuni, anatanua mapezi yote, anajipinda, halafu anamkwangua na ule mwiba wa shavuni. Magamba yameshang'oka. Sasa hivi jike kajibanza nyuma ya bomba la pampu, chakula anakitazama kinapita.

Maji hayana tatizo: amonia sifuri, nitraiti sifuri, kipimo cha chumvi 1.025, joto nyuzi 25. Huu ni uchumba au ni vita? Mbona niliambiwa dume na jike hawagombani?

MzeeWaMatumbawe
Pole mkuu. Uchumba haung'oi magamba. Uchumba wao ni magharibi, mwanga unapofifia: wanapanda juu pamoja, dume anamgusagusa jike tumboni kwa mdomo, muda mfupi tu yamekwisha. Anayefukuzwa tangu asubuhi mpaka chakula hakipiti huyo anapigwa. Watenganishe leo hii, mengine tutaongea baadaye.

Bahati_Tele
Ongeza majike wawili hasira zigawanyike. Baharini dume mmoja anakaa na majike kadhaa, ukimpa mmoja tu anamchosha.

KapteniPovu
Kwa hiyo dawa ya ugomvi wa ndoa ni kuongeza mke? Hahaha, huu ushauri usifike nyumbani kwangu.

Pezi_la_Nyuma
Chumvi35, kabla hujanunua samaki mwingine, hebu chukua tochi, mmulike huyo jike kwa pembeni, uangalie ubavu na mkia.

Nakuuliza kwa sababu hiyo miezi saba ndiyo iliyonishtua kuliko mwiba. Hawa wote huanza maisha wakiwa majike. Mkubwa wa kundi akikosa dume wa kumtuliza, anageuka yeye mwenyewe kuwa dume. Wako kakaa peke yake, kashiba, hana wa juu yake. Ikiwa kashaanza safari hiyo, basi dume wako hapigi mke. Anapiga mpinzani, na kwa akili yake ya kisamaki yuko sahihi kabisa.

Chumvi35
Nimerudi wakuu, mikono inatetemeka. Kwa mbali bado ni jike. Nikimulika kwa pembeni naona milia, hafifu sana, kama penseli iliyofutwa kwenye karatasi. Nimehesabu tisa upande wa kushoto. Nikafungua picha zake za miezi minne nyuma: kingo za mkia zilikuwa nyeusi kama wino, leo ule wa chini umebaki kipande.

Yaani nimemnunulia dume mwenzake!

Pezi_la_Nyuma
Ndiyo hivyo. Na usikae ukisubiri arudi kuwa jike, huo si mpango wa kutegemea. Tangi hilo ni la dume mmoja, mmoja kati yao lazima aondoke. Mimi ningembakiza mwenyeji: kabla ya vurugu alikuwa anakula vizuri, analijua tangi, na rangi zake utazishuhudia zikikamilika mbele ya macho yako.

Bahati_Tele hajakosea, ila majike waje baadaye, wawili, wadogo kuliko yeye kwa wazi, na waingie siku moja. Tofauti ya umbo ndiyo inayowafanya wabaki majike. Waweke kwanza kwenye kisanduku cha plastiki chenye matundu, ndani ya tangi lilelile, waonane bila kugusana. Akiacha kukigonga kile kisanduku, fungua.

Bahati_Tele
Nimekubali. Mimi nilizoea wale kitatange wadogo wa jamii ya Centropyge, ambao kwa macho dume na jike huwezi kuwajua. Unachukua mkubwa na mdogo, mkubwa anakuwa dume, kwisha. Ila Chumvi35 jaribu pia kupangua mawe, inavuruga mipaka.

MzeeWaMatumbawe
Kupangua mawe kunasaidia kwa hao wa Centropyge wanaolinda mapango. Huyu eneo lake ni maji yenyewe, utayapangua vipi? Utaishia kulitibua tangi bure.

Cha maana zaidi, usimvue dume kwa wavu. Ule mwiba wa shavuni unanasa kwenye nyuzi, ukivuta unamjeruhi na yeye. Tumia chombo cha plastiki angavu, mvutie kwa chakula. Na mfuniko wa tangi uwe umefungwa, samaki anayefukuzwa anaruka.

Chumvi35
Imechukua saa moja na nusu. Dume kaingia kwenye chombo mara ya nne, uroho wa uduvi umemponza. Yuko kwenye tangi la karantini, kesho namrudisha nilikomtoa, wamekubali kunibadilishia.

Huyu mwingine sijui nimwite nani sasa. Katoka nyuma ya bomba kama dakika ishirini baada ya mwenzake kuondoka, akazunguka tangi zima mara mbili polepole, mkia umechanika vilevile. Nimemtupia uduvi watatu. Kala wawili.