Inchaji mpya naomba ushauri: wamama na vijana wodini hawaivi chungu kimoja

Kanula_Namba24: Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo.

Nina miaka 33, nimepewa uinchaji, yaani kusimamia manesi wa wodi ya watoto, hospitali ya wilaya. Nina wamama wanne wanaokaribia 60 na vijana sita, wengine ajira mpya kabisa. Wamama hawagusi kompyuta, wanasubiri kijana aje abofye. Vijana nao simu haiwatoki mkononi. Kinachonimaliza ni zamu za usiku. Niliwapunguzia wamama, vijana wakagoma kimyakimya: kila wiki kuna mwenye ED (karatasi ya daktari ya kupumzishwa kazi). Ripoti ya asubuhi imegeuka mipasho. Matroni ananiambia "komaa" tu.

Bibi Nesi: Marahaba mwanangu. Nimeshastaafu. Kompyuta hatuichukii, tunaogopa kuaibika mbele ya watoto tuliowafundisha wenyewe kuchoma sindano. Inchaji wangu alikuwa kijana kama wewe. Alinielekeza saa tisa mchana wodi ikiwa imetulia, tuko wawili tu. Wiki ya pili nikawa naingiza dawa mwenyewe. Na usimkemee mtu mzima mbele ya ndugu wa wagonjwa, hilo hatakusamehe.

Mtoto wa Zamu: Mimi ni hao vijana. Usiku tunaweza, ila umetupangia bila kutuuliza. Leo unampunguzia mama wa miaka 57, kesho shoga yako. Bandika rosta ya mwezi mzima mapema, na anayebeba usiku mwingi ndiye achague kwanza mapumziko ya sikukuu. Halafu semina zenye posho mbona wanaenda walewale? Na sisi leseni zetu za unesi zinadai pointi za kuhudhuria mafunzo.

Mkurya Mpole: Leta chai na maandazi kwenye ripoti, utakuja kunishukuru.

Sista wa Kanda: Zamu za mchana changanya mama mmoja na kijana mmoja. Kwetu aliletwa mtoto wa kuhara, amekauka, mishipa haionekani. Kijana kachoma mara tatu. Mama akapapasa mguu huku akiangalia pembeni, sindano ikaingia mara moja. Siku hiyohiyo nikamkuta yule kijana anamfundisha kufungua faili la mgonjwa kwenye mfumo. Mimi sikusema neno.

Kanula_Namba24: Asanteni. Kweli la usiku niliamua peke yangu, nimekosea. Ijumaa naitisha kikao, rosta tutaipanga wote. Maandazi yasubiri, mshahara haujatoka.